Kibanda Katikati ya Viwanja Viwili

Simu iliingia Ijumaa ya tarehe 31 Mei 2024, saa kumi na dakika arobaini jioni. Alikuwa mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Morogoro, chama ambacho wanachama wake wengi ni walimu wa shule za msingi. Dada huyu kwa kawaida hanipigii bila kuulizia nyumbani, watoto na hali ya mvua. Siku hiyo alianzia katikati. "Kaka, mfumo umegoma. Nikibonyeza kuhifadhi unazunguka tu, halafu unaleta maandishi mekundu. Na makato nimeingiza nusu."

Makato ndiyo moyo wa chama kile. Mishahara ikitoka, kila mwalimu anatakiwa aandikiwe akiba yake na rejesho lake la mkopo kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu asubuhi watu wanapanga foleni dirishani kuuliza salio. Kuingiza nusu ni kubaya kuliko kutoingiza kabisa, maana hujui nani kaandikwa na nani bado. Nikapanda bodaboda.

Nilikuta diski C imejaa. Mstari wake mwekundu, nafasi iliyobaki sifuri. Nilichokuja kufanya usiku ule ni kuipanua, na nakisimulia chote pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu nilipokuwa nahangaika nilitamani mno kupata mtu aliyeandika kwa Kiswahili nini hasa kinatokea ndani ya mashine mtu anapofanya kazi hii.

Kwanza mpangilio. Chumba cha seva ni stoo ya zamani ya daftari na risiti. Mle ndani kuna kompyuta moja kubwa inayoendeshwa na ESXi, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, ile ya bure, na ndani yake kuna mashine pepe tatu, yaani kompyuta tatu zisizo na mwili, zinazogawana mwili mmoja. Mojawapo ni Windows Server 2022 yenye programu ya chama na hifadhidata ya SQL Server Express. Ina diski mbili: ya kwanza GB 60, ndiyo C, na ya pili GB 40, ndiyo D, ambayo ilikuwa karibu tupu. Kwa mashine pepe, diski si chuma bali ni faili. Faili hilo likikaa kwenye hifadhi yenye nafasi, unaweza kulirefusha bila bisibisi wala duka. Na nafasi ilikuwepo, zaidi ya GB 200.

Nikamwambia meneja, "Nipe dakika ishirini."

Ahadi ile naijutia hadi leo, ingawa sikuitoa hewani. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimepanua C ya Windows Server 2019 kwa mteja mwingine: nikaongeza ukubwa wa diski, nikafungua programu ya kusimamia diski, nikabofya kulia juu ya C, nikachagua kurefusha, basi. Haikuzidi dakika tano. Nikadhani kazi ni ileile kwa sababu jina la kazi ni lilelile.

Kabla ya kugusa chochote niliuliza bakapu. Hapo ndipo jambo la kwanza lilipojitokeza. Kulikuwa na diski ya nje imechomekwa nyuma ya seva, na kila usiku kazi ya ratiba ilinakili hifadhidata kwenda kule. Nikafungua folda: faili la mwisho lilikuwa la tarehe 12 Mei. Siku kumi na tisa. Diski ya nje nayo ilikuwa imejaa, na kazi ya ratiba iliendelea kukimbia kila usiku bila kuandika chochote na bila kumwambia mtu yeyote. Mhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliposikia tarehe akavuta kiti akakaa.

Nilikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo siku hiyo, mwanafunzi wa chuo, mtulivu, anayependa kuuliza. Yeye ndiye aliyeona kwamba mashine ina snapshoti iliyopigwa Oktoba 2023, siku mafundi wa programu walipoweka toleo jipya. Akasema, "Bosi, si turudi tu kwenye snapshoti? Wakati ule diski ilikuwa na nafasi."

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu kijana aliuliza kwa nia njema jambo ambalo lingefuta miezi saba ya akiba za watu. Snapshoti haitengenezi nakala ya mashine ikaiweka pembeni. Inachofanya ni kuligandisha faili la diski lilivyo siku ile, halafu kila kinachoandikwa baadaye kinakwenda kwenye faili jingine la pembeni, lile ambalo jina lake huishia na 000001. Mashine inayotembea leo ni mafaili yote mawili yakisomwa kwa pamoja. Ukichagua kurejea, lile faili la pembeni linatupwa, pamoja na kila shilingi iliyoandikwa tangu Oktoba. Ukichagua kufuta snapshoti, kinyume cha jina lake, hakuna data inayopotea: yaliyo pembeni yanamiminwa ndani ya faili la msingi na mashine inabaki na faili moja. Maneno haya mawili yanakaa jirani kwenye menyu moja. Lile linalotisha kwa jina ndilo salama, na lile linalosikika kama msaada ndilo hatari.

Tena, snapshoti si bakapu. Faili la msingi likiharibika, snapshoti imekwenda nalo, kwa sababu inaliegemea. VMware wenyewe wanashauri isikae zaidi ya saa 72. Hii ilikuwa imekaa miezi saba, na faili lake la pembeni lilikuwa limefika GB 38.

Tulianza na bakapu, basi, na tuliifanya kama inavyostahili. Nilisafisha kwanza masalia ya masasisho ya Windows, yale yanayokaa kwenye folda ya SoftwareDistribution, nikapata kama GB 4 za kupumulia. Nikachukua bakapu ya hifadhidata nikaiandika D, nikainakili kwenye laptopu yangu, na kwenye laptopu nikairejesha ndani ya SQL Server nyingine kabisa. Ilichukua dakika ishirini na tano. Ilipofunguka nikamwita mhasibu. Alikuja na ripoti ya jana aliyokuwa ameichapisha, karatasi ndefu yenye mistari ya kijani, akaweka kidole juu ya jina la mwanachama wa kwanza, akanisomea salio. Nikatafuta kwenye laptopu: lilelile, hadi senti. Akaruka kurasa tatu, akasoma jingine. Lilelile. La tatu akachagua la mama mmoja aliyekuwa na mikopo miwili kwa pamoja, kwa sababu alijua hesabu yake ni ngumu. Likakubali. Hapo ndipo nikasema tuna bakapu. Kabla ya pale tulikuwa na faili tu.

Saa moja na nusu usiku nikazima mashine na kujaribu kuongeza ukubwa wa diski. Kisanduku cha ukubwa kilikuwa kimepauka, hakiandikiki. ESXi haikubali kurefusha diski yenye snapshoti, na ina sababu: huwezi kubadilisha urefu wa faili la msingi wakati faili la pembeni linaamini urefu wa zamani. Kwa hiyo lazima snapshoti ifutwe kwanza, yaani zile GB 38 zimiminwe ndani.

Jambo nililoliogopa hapo ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya kumimina, unaweza kubaki na faili la msingi ambalo si la Oktoba wala la leo. Yupiesi ya pale, betri ya akiba ya seva, inabeba kama robo saa. Nikaenda getini kwa mlinzi. "Shikamoo mzee. Jenereta ina mafuta?" Mzee akaitikia marahaba, akatikisa kichwa: lilikuwa na ya kuwashia tu. Nikampa hela, akamtuma kijana wa bodaboda alete lita kumi za petroli, na mzee mwenyewe akaliwasha akalijaribu, akalizima. Ndipo nikabonyeza.

Ilikwenda saa moja na dakika hamsini. Kwa muda mrefu mstari wa maendeleo ulisimama palepale, na mkono unawasha kutaka kufanya jambo. Usifanye. Diski zile ni za kuzunguka, si za kasi, na kazi ni kubwa. Taa ya diski ilikuwa inameta mfululizo, na hiyo ilinitosha. Saa tatu na nusu umeme ukakatika kweli. Yupiesi ikaanza kulia, kila mlio nauhesabu, hadi niliposikia jenereta limekamata uani. Mzee alikuwa amelala karibu nalo makusudi. Sijui kama anajua alichookoa usiku ule, ingawa nilimwambia.

Baada ya hapo nikatengeneza pacha wa diski nzima kwa amri ya vmkfstools -i, ili nikiharibu patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawiwa, niwe na pa kurudi. Nikaongeza ukubwa kutoka GB 60 hadi 120. Nikawasha.

Windows ikawaka. Nikafungua usimamizi wa diski, nikaiambia isome diski upya, na GB 60 mpya zikatokea kwa rangi nyeusi upande wa kulia kabisa, nafasi ambayo haijagawiwa. Nikabofya kulia juu ya C. Neno la kurefusha lilikuwa limepauka.

Nikawasha upya mashine. Bado. Nikabofya tena, kana kwamba ningelibonyeza kwa nguvu lingekubali. Ilikuwa saa tano usiku, na dakika ishirini nilizoahidi zilikuwa zimeshakuwa saa sita.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu kwenye mchoro wenyewe, nami sikuwa nausoma kwa sababu nilikuwa natazama C na nafasi mpya tu. Patisheni ni kama viwanja vilivyopangana mtaani. Unaweza kusogeza ukuta wako mbele endapo kiwanja kinachofuata ni chako na kiko wazi. Kwenye mashine hii, baada ya C hakukuwa na nafasi wazi. Kulikuwa na kipande kidogo cha kama MB 500, patisheni ya uokoaji, ndipo zile GB 60. Nimenunua kiwanja cha pili, hati ninayo, lakini kibanda cha mlinzi kimejengwa katikati ya viwanja viwili.

Na hii ndiyo tofauti kati ya kazi ya mwezi uliotangulia na hii. Windows Server 2019 ikisakinishwa upya kwenye mashine ya UEFI, yaani yenye mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, huiweka patisheni ya uokoaji mwanzoni, kabla ya C. Kuanzia Server 2022 inawekwa mwisho, baada ya C. Microsoft walikuwa na maana yao: ikiwa mwisho, mfumo wenyewe unaweza kuipanua siku za mbele kwa kumega kidogo kutoka C. Ila kwa sisi wa mashine pepe, ambao nafasi mpya kila siku inatokea mwisho wa diski, kibanda kinatuziba kila tunapotaka kupanua.

Kuna programu za kusogeza patisheni ambazo zingekihamisha kibanda chote hadi mwisho wa diski. Watu wengi huzitumia. Mimi sikupenda, kwa sababu saa hizo nilitaka kila hatua iwe yangu na niione. Na kibanda kile si takataka: ndani yake mna mazingira ya uokoaji, yale ambayo Windows ikikataa kuwaka ndiyo yanayokupa mahali pa kusimama. Kuna wanaokifuta na kuendelea na maisha. Sikubaliani nao, hasa kwa seva inayotunza hela za watu.

Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi. Amri ya kwanza: reagentc /info. Inakuonyesha mazingira ya uokoaji yako wapi, na jibu lilisema harddisk0, partition4. Hiyo andika kwenye karatasi. Ya pili: reagentc /disable. Hii inamtoa mlinzi kibandani na kumhamishia C, ndani ya folda ya Recovery chini ya System32. Angalia hapo: C ikiwa imejaa kabisa, mlinzi hana pa kukaa na amri itagoma. Ndiyo maana zile GB 4 nilizosafisha jioni zilikuwa na thamani kubwa kuliko nilivyodhani. Ili upate nafasi, unahitaji nafasi.

Kisha diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski kwa amri. Sehemu hii niliifanya pole pole kuliko zote. Nikamwambia kijana asimame upande wangu na asome kwa sauti kila kinachotokea, mimi nisiandike amri inayofuata mpaka amalize. Nikachagua disk 0, nikaandika list partition. Akasoma: "Moja, System, MB 100. Mbili, Reserved, MB 16. Tatu, Primary, GB 59. Nne, Recovery, MB 520 na kitu." Nikaandika select partition 4, nikaomba orodha tena ili nione alama ya nyota imekaa mstari upi. "Nyota iko kwenye nne, Recovery," akasoma. Nikamuuliza, karatasi inasemaje? "Harddisk sifuri, partition nne." Ndipo nikaandika delete partition override. Hilo neno la mwisho ni la lazima kwa sababu patisheni hiyo inalindwa, na ndilo linaloondoa ulinzi, kwa hiyo ni neno la kuandikwa baada ya kusoma mara mbili, na kusoma ukubwa na aina, si namba pekee. Namba hubadilika kati ya mashine na mashine.

Kutoka hapo njia ikawa wazi. Select partition 3, extend. Sekunde mbili. C ikawa na zaidi ya GB 119, mashine ikiwa inatembea, bila kuzima chochote. Saa saba za maandalizi kwa sekunde mbili za kazi yenyewe.

Ikabaki kumjengea mlinzi kibanda kipya, safari hii mwisho wa kiwanja. Nikapunguza C kwa shrink desired=1024, nikatengeneza patisheni mpya na kuipa kitambulisho cha uokoaji, de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac, nikaifomati NTFS, nikaiwekea gpt attributes=0x8000000000000001 ili isipewe herufi wala kufutwa kwa bahati mbaya, nikatoka diskpart nikaandika reagentc /enable. Kwa mashine za MBR, mpangilio wa zamani wa diski, kitambulisho ni 27 tu. Reagentc /info ikajibu kwamba uokoaji umewashwa, upo partition4. Nikamwacha kijana akikikagua kile kitambulisho kirefu herufi kwa herufi dhidi ya karatasi, kwa sababu ukikosea herufi moja Windows haitakitambua kibanda.

Kwa nini GB nzima wakati cha zamani kilikuwa na MB 500? Januari 2024 Microsoft walitoa sasisho la usalama KB5034439 kwa Server 2022, na kwenye mashine nyingi likawa linashindwa kwa namba 0x80070643, kisa patisheni ya uokoaji ni ndogo, sasisho halitoshi humo. Wenyewe walielekeza watu waongeze MB 250. Kama unajenga upya, jenga kwa nafasi.

Saa nane kasoro usiku mhasibu, ambaye alikataa katakata kwenda nyumbani, aliingiza makato ya mwanachama mmoja akabonyeza kuhifadhi. Ikakubali. Akaendelea mpaka alfajiri. Jumatatu foleni ilipanga kama kawaida, na hakuna mwalimu aliyejua.

Ningeishia hapa hadithi ingekuwa nzuri, lakini isingekuwa kweli yote. Mwishoni mwa Novemba C ilikuwa imebakiza GB 8.

Nilipoona namba ile nilihisi kama nimedanganya watu. Miezi sita, zaidi ya GB 50 zimeliwa na chama chenye ofisi moja. Ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza tarehe 31 Mei saa kumi na moja jioni kama nisingekuwa na haraka ya kupanua: nani anakula? Nilifungua folda ya hifadhidata. Faili la data lilikuwa na GB 3. Faili la kumbukumbu za miamala, lile la ldf, lilikuwa na GB 78.

Hifadhidata ilikuwa imewekwa katika hali ya Full. Katika hali hiyo SQL Server inatunza kumbukumbu ya kila mabadiliko mpaka uchukue bakapu ya kumbukumbu zenyewe. Bakapu ya kawaida ya data haizipunguzi. Hakuna aliyewahi kuchukua. Na mwezi Juni mafundi wa programu, kwa nia ya kuharakisha ripoti, waliweka kazi ya kujenga upya faharasa kila Jumapili, na kazi hiyo katika hali ya Full inaandikwa kwenye kumbukumbu karibu yote, GB 2 kwa wiki. Kwa maneno mengine nilikuwa nimeongeza kina cha ndoo bila kufunga bomba linaloijaza.

Marekebisho yalichukua alasiri moja. Bakapu kamili, nikairejesha kwenye laptopu, mhasibu na karatasi yake. Nikaiweka hifadhidata Simple kwa muda, nikalipunguza faili la kumbukumbu hadi GB 2, nikairudisha Full, na hapohapo bakapu kamili nyingine, kwa sababu ukipita Simple mnyororo wa bakapu za kumbukumbu unakatika na lazima uanze upya. Kabla ya kuirudisha Full nilimuuliza meneja jambo moja: mfumo ukifa saa tisa alasiri, mko tayari kuandika upya kazi ya muda gani? Akafikiri akasema saa moja. Kwa hiyo kila saa amri ya sqlcmd inachukua bakapu ya kumbukumbu kwenda D kupitia ratiba ya Windows, maana toleo la Express halina mratibu wake wa kazi. Na ratiba hiyo ikishindwa inatuma barua pepe kwangu na kwa mhasibu. Nikahamishia na mafaili ya hifadhidata kwenye diski ya tatu, yao peke yao. Nina msimamo mkali juu ya hili sasa: data ya watu isikae na mfumo kwenye C. Data ikijaa mahali pake, programu inasimama. Ikijaa C, mashine nzima inasimama nayo.

C ina nafasi tele siku hizi, tele kupita kiasi. ESXi haina kitufe cha kuirudisha diski kuwa ndogo, kwa hiyo zile GB 60 za ziada zitakaa pale hadi mashine itakapojengwa upya, na hifadhi ile tungekuwa na matumizi nayo.

Somo la kutazama kwanza lilinilipa wiki mbili baadaye, kwenye mashine ya tatu ya palepale, Ubuntu Server 22.04, mfumo wa Linux, inayotunza skani za mikataba. Df -h, amri ya kuonyesha nafasi, ilionyesha mzizi, yaani sehemu kuu ya mfumo, umejaa asilimia 97 kati ya GB 49. Nikakaribia kwenda kuongeza diski. Nikaacha, nikaandika lsblk kuona diski yenyewe. Diski ilikuwa na GB 100. Nikaandika vgs, na chini ya VFree, nafasi ambayo haijagawiwa, kulikuwa na GB 49 zimekaa kimya tangu siku ya kwanza. Kisakinishi cha Ubuntu Server, diski ikiwa kati ya GB 20 na 200 na ukikubali mpangilio wake wa LVM, unaogawa diski kwa volumu zinazoweza kukua, kinaupa mzizi nusu tu ya nafasi iliyopo na nusu nyingine kinaiacha. Amri moja, lvextend -r -l +100%FREE na jina la volumu, na mzizi ukawa mara mbili. Ile -r inapanua na mfumo wa mafaili kwa pamoja. Bila hiyo utapanua chombo, df ikuonyeshe ukubwa uleule wa zamani, na utadhani umeshindwa.

Debian nayo, Linux nyingine, ina kibanda chake. Kwenye usakinishaji wa kawaida wa MBR, nyuma ya sda1, patisheni ya mfumo, inakaa swopu, eneo la diski la kuisaidia RAM, na growpart, amri ya kupanua, inakujibu kwamba patisheni haiwezi kukua. Dawa ni ileile: zima swopu kwa swapoff, futa, panua, jenga swopu mpya mwisho. Ila swopu mpya ina UUID mpya, yaani kitambulisho chake, na usipoibadilisha kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kufunguliwa, mashine ikiwaka itasimama dakika moja na nusu ikisubiri diski ambayo haipo tena. Nimewahi kuzitazama sekunde hizo 90 zikihesabika kwenye skrini ya mteja, na ni ndefu.

Yule kijana alimaliza chuo, sasa yuko kazini Dodoma. Mwezi uliopita alinipigia saa mbili usiku, nikamsikia yuko kwenye chumba chenye feni za seva. "Shikamoo bosi. Nina Server 2022 hapa, C imejaa, neno la kurefusha limepauka. Nimekiona kibanda. Niko kwenye diskpart, nyota iko kwenye nne."

"Nani anakula?"

"Ni mafaili ya logi za tovuti, nimeshayahamisha. Ila hata hivyo GB 40 ni ndogo kwao."

"Snapshoti?"

"Hakuna. Nimeangalia."

"Bakapu umeirejesha mahali pengine ukaiona inafunguka?"

Kimya. Nilisikia feni tu kwa muda.

"Ngoja nitoke diskpart kwanza," akasema. "Nitakupigia."